MMEA DUME NA MMEA JIKE: SIRI YA MIMEA YA MITUNGI

Kila mkulima aliyepata kupanda mipapai ajua mashaka ya miezi ile ya kwanza. Mbegu zote ni sawa, miche yote hufanana, na samadi na maji hutolewa bila upendeleo. Kisha siku moja maua hutokea, na hapo ndipo siri inapofunuliwa. Mpapai mmoja hutoa maua makubwa yaliyobanana na shina, nao utazaa; wa pili hutoa maua madogo yaning'iniayo katika vikonyo virefu, nao ni mpapai dume. Mkulima mwenye pupa huikata mipapai dume yote kwa hasira. Mkulima mwenye busara huacha mmoja kwa kila kumi au zaidi, maana ajua ya kuwa majike hutegemea unga wa maua ya dume ili yazae vema. Watu wa Oman na Iraki nao, tangu zamani za kale, hupanda juu ya mtende jike na kuyatia maua yake unga wa mtende dume kwa mikono yao wenyewe, wala hawauachii upepo kazi hiyo.

Hali hii ya dume na jike kukaa katika mimea miwili mbalimbali si ya miti ya matunda peke yake. Iko jamii moja ya mimea ya nchi za joto ambayo aina zake zote, bila kubakiza hata moja, zimegawanyika hivyo. Nayo ni mimea ya mitungi, ile ikamatayo wadudu na kuwala, ambayo wataalamu huiita Nepenthes. Watu wa nchi nyingi huikuza katika nyumba za vioo kwa ajili ya ajabu yake na uzuri wake. Wamefanya hivyo kwa muda wa zaidi ya miaka 200, na katika muda huo wamejifunza, mara nyingi kwa hasara, ya kuwa kumiliki mmea si sawasawa na kumiliki uzao wake.

JANI LILILO MTUNGI

Mimea hii haioti porini katika bara la Afrika, lakini iko karibu kuliko watu wengi wadhanivyo. Mtu akitoka Mombasa kwa chombo na kuelekea mashariki, atafika visiwa vya Shelisheli. Na huko, juu ya miamba ya milima ya Mahé na Silhouette, huota aina moja isiyopatikana porini mahali pengine po pote duniani. Bukini, yaani Madagaska, ina aina zake. Sri Lanka ina yake moja, na milima ya Khasi na Garo huko kaskazini-mashariki ya Bara Hindi ina yake. Lakini makao makuu ya jamii hii ni Borneo, Sumatra na visiwa vya Ufilipino. Kwa jumla zimekwisha kujulikana aina zaidi ya 160.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za mimea hii katika kitabu alikuwa Mfaransa, Étienne de Flacourt, aliyekuwa liwali wa Wafaransa katika Madagaska. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1658 alieleza mmea ambao, kama alivyodhani, ulikuwa na ua mfano wa chombo chenye kifuniko, na ndani yake maji. Alisema ya kuwa wenyeji waliogopa kuuchuma, kwa maana waliamini ya kwamba mtu auchumaye njiani huleta mvua siku hiyo hiyo. Yeye na Wafaransa wenzake waliuchuma, na mvua haikunya. Katika mwaka wa 1737 Linnaeus, yule Mswidi mashuhuri aliyeipa mimea majina, aliiita Nepenthes, kwa kukumbuka dawa ya kuondoa huzuni iliyotajwa katika masimulizi ya kale ya Mgiriki Homer.

Bwana de Flacourt alikosea katika jambo moja, nalo si la kulaumiwa, maana hata leo wengi hukosea vivyo hivyo. Mtungi ule si ua. Ni sehemu ya jani. Ncha ya jani hurefuka ikawa kama kamba nyembamba, na mwisho wa kamba hiyo huvimba, hujaa maji, kisha hufunuka na kuwa mtungi wenye mdomo na kifuniko. Mdomo wake hutoa utamu wa kuwavuta wadudu. Mdudu akanyagapo ukingo ule, huteleza, akatumbukia majini, wala hawezi kutoka tena. Maji yale humyeyusha, na mmea ukapata chakula ambacho udongo hafifu wa milimani au wa kinamasi hauwezi kuupa. Mitungi ya mmea dume na mitungi ya mmea jike haina tofauti yo yote. Yote hukamata, yote hula, yote hupendeza macho.

MAUA NDIYO SHAHIDI

Basi mtu atambueje lipi dume na lipi jike? Jibu ni moja tu: angoje maua. Kabla ya hapo hakuna jani, wala shina, wala rangi ya mtungi itakayomjulisha. Na kungoja huko si kwa siku chache. Mbegu ya mmea wa mitungi huota mche mdogo sana, na mche huo hukua polepole. Aina zenye haraka huweza kutoa maua baada ya miaka mitatu hivi. Nyingine hutaka miaka kumi au zaidi. Kwa kawaida mmea hauchanui mpaka shina lake limekwisha kurefuka na kuanza kutambaa.

Siku hiyo ifikapo, ubua mrefu hutoka kileleni, wenye maua madogo mengi yaliyopangika toka chini hadi juu. Maua hayo hayana fahari. Kila moja huwa na vijani vinne vidogo, vya rangi ya kijani au ya hudhurungi, vinavyotoa utamu kidogo. Mengine yana harufu nzito ambayo si kila mtu huipenda. Mtazamaji akiliinamia ua la dume, ataona katikati kinguzo kimoja chembamba, na juu yake kichwa cha mviringo chenye unga wa manjano. Unga huo ndio uitwao chavua. Akiliinamia ua la jike, hataona kinguzo wala unga, bali kitu cha kijani kilichovimba mfano wa kibuyu kidogo, na juu yake mahali penye unyevu pa kupokelea chavua. Tofauti hiyo ni dhahiri. Aliyeiona mara moja hataisahau.

Sababu ya tofauti hiyo haikujulikana sawasawa mpaka siku za karibuni. Katika mwaka wa 2019 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao, ya kuwa jinsi ya mimea hii hufuata kanuni ile ile iliyomo katika mwili wa binadamu. Ndani ya chembe za uhai za kila kiumbe zimo nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, zibebazo urithi wa wazazi. Mmea jike huwa na kromosomu mbili za namna ya X. Mmea dume huwa na X moja na Y moja. Kwa hiyo jinsi ya mmea huamuliwa siku ile ile mbegu inapotungwa. Si udongo, si mbolea, wala si mwezi wa kupanda uwezao kuibadili.

Hapo mtu mwenye kupenda hesabu aweza kukadiria bahati yake. Ikiwa nusu ya mbegu ni dume na nusu ni jike, mwenye miche miwili ana nafasi moja katika mbili ya kupata jinsi moja tu. Mwenye miche minne, nafasi ya yote kuwa jinsi moja ni moja katika nane. Mwenye sita, ni moja katika 32. Mwenye kumi, ni moja katika 512. Lakini wakuzaji wengi husema ya kuwa kati ya mimea ichanuayo katika nyumba zao, madume huonekana zaidi kuliko majike. Ndiyo maana mmea jike unaochanua husifiwa kama ng'ombe wa maziwa.

NZI AFANYAYE KAZI MBILI

Huko porini chavua huchukuliwa na wadudu, kama vile nzi, visubi na nondo. Jambo hili ni la ajabu ukilifikiri: mmea huo huo hula nzi kwa jani lake, na kumwomba nzi msaada kwa ua lake. Lakini maumbile yameweka utaratibu. Ubua wa maua husimama juu, mbali na mitungi, hata mdudu aweza kwenda dume hadi jike na kufanya kazi yake kabla hajaanguka mtegoni.

Katika nyumba ya vioo hakuna wadudu wa kutosha, na mara nyingi dume na jike havichanui kwa wakati mmoja. Basi mtu mwenyewe hushika kazi ya nzi. Huchukua brashi laini, au hulichuma ua zima la dume, akaligusisha juu ya kile kibuyu cha ua la jike. Kwa kuwa maua hufunguka kwa zamu toka chini kwenda juu, hurudia kazi hiyo kwa siku kadhaa. Chavua ikipokelewa, vibuyu huvimba, na baada ya miezi michache hukauka, hugeuka rangi ya kahawia, na kupasuka sehemu nne. Ndani yake zimo mbegu kwa mamia, na katika aina nyingi kila mbegu ni nyembamba kama unywele, nyepesi hata pumzi ya mtu yaweza kuipeperusha. Hizo hazitunziki ghalani kama mahindi. Uhai wake hupungua upesi, nazo zapaswa kupandwa zikingali mpya.

Chavua yenyewe, hata hivyo, hukubali kuwekwa. Mkuzaji mwangalifu huikausha, huifunga katika kikaratasi, huiandika jina na tarehe, na kuiweka katika baridi kali ya friza. Akiba haiozi, walisema wazee. Dume likichanua mwezi huu na jike likachanua baada ya miezi kadhaa, akiba hiyo ndiyo itakayowakutanisha. Na kwa kuwa kikaratasi hicho ni chepesi, chaweza kutumwa kwa posta kutoka mji mmoja hadi mwingine, mahali ambapo mmea mzima usingefika salama.

MABWANA WA CHELSEA

Mimea ya mitungi iliyo hai ilifika katika Bustani ya Kew, karibu na London, mwaka wa 1789, kwa jitihada za Sir Joseph Banks. Lakini shauku kubwa iliamka katika karne iliyofuata, na kitovu chake kilikuwa vitalu vya ukoo wa Veitch huko Chelsea, London. Watu hawa walituma wasafiri wao hadi Borneo kutafuta mimea mipya. Mama mmoja mchoraji, Marianne North, alipochora mwaka wa 1876 picha ya mtungi mkubwa kutoka Sarawak, Bwana Harry Veitch aliiona picha ile na akamtuma mtu, Charles Curtis, aende kuutafuta mmea wenyewe mpaka aupate. Mmea huo ulipewa jina la mama yule.

Katika vitalu hivyo alikuwamo mtunza bustani jina lake John Dominy. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata okidi chotara iliyochanua kwa mkono wa binadamu, mwaka wa 1856. Mwaka wa 1862 alionyesha chotara ya kwanza ya mimea ya mitungi iliyotengenezwa na mtu, yaani mtoto wa aina mbili mbalimbali. Baada yake walifuata wengine kazini, na katika mwaka wa 1893 ilitolewa chotara iitwayo mixta, ambayo mmoja wa wazazi wake ni ule mmea wa Marianne North. Kila chotara ilikuwa ushahidi ya kuwa siku fulani, katika nyumba fulani, dume na jike vilichanua pamoja na mtu mwangalifu alikuwapo.

Lakini hata hapo palikuwa na upungufu. Chotara ile ya kwanza ya mwaka wa 1862 mzazi wake mmoja anajulikana. Wa pili huandikwa kwa shaka mpaka leo. Mtunza bustani hodari aliacha mmea mzuri, ila daftari haikujaa. Kisha zama zile zikapita. Nyumba za vioo zenye joto zilitaka makaa ya mawe mengi na vibarua wengi, na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilivipunguza vyote viwili. Kitalu cha Chelsea kilifungwa mwaka wa 1914. Mimea iliyosalia ilihifadhiwa hapa na pale kwa kukata vipande vya shina na kuviotesha.

MTEGO WA PINGILI

Njia hiyo ya kukata vipande ndiyo iletayo fundisho kuu la habari hii. Mkulima wa Afrika ya Mashariki aifahamu vema. Muhogo hupandwa kwa kipande cha shina, muwa kwa pingili, na viazi vitamu kwa marando. Kipande hicho huwa mmea mzima, nao ni mwili ule ule wa mzazi wake, kwa ladha na kwa rangi. Vivyo hivyo mmea wa mitungi. Mmea dume ukikatwa vipande mia, vikatumwa katika nchi mia, vitakuwa madume mia. Kwa kweli si mia. Ni dume moja tu lililokaa mahali mia.

Siku hizi iko njia yenye nguvu zaidi. Wataalamu huchukua chembe ndogo ya mmea, huiweka katika chupa safi yenye chakula, nayo hugawanyika na kutoa miche kwa maelfu. Njia hii imefanya mema mengi. Mmea uliokuwa ukiuzwa kwa fedha nyingi sasa hununuliwa kwa fedha kidogo, na mtu hana sababu ya kwenda kuuiba msituni. Lakini miche elfu iliyotoka katika mbegu moja ni ya jinsi moja. Mmea waweza kuonekana katika madirisha ya miji mingi, watu wakasema, "Huu hauna hatari ya kupotea," kumbe hauna mwenzi wa kuzaa naye hata mmoja.

Ikiwa msomaji adhani hofu hii imekuzwa, na atazame habari ya mmea wa jamii nyingine, wa kale sana, ufananao na mnazi mfupi, uitwao Encephalartos woodii. Nao pia una dume na jike mbalimbali. Katika mwaka wa 1895 Bwana John Medley Wood alikuta kichaka kimoja cha mmea huo katika msitu wa Ngoye, upande wa mashariki wa Afrika ya Kusini. Machipukizi yake yalichukuliwa na kutunzwa, na mmoja ulifika Kew mwaka wa 1899. Leo mmea huo uko katika bustani za nchi nyingi, nao ni wenye afya na nguvu. Lakini kichaka kile kilikuwa dume. Watu wamelitafuta jike lake kwa zaidi ya miaka mia moja, wala halijaonekana. Mmea huo waishi, lakini mbegu halisi ya jamii yake hakuna. Wameweza tu kuuoza kwa jike la aina nyingine ya karibu, na watoto wake ni machotara.

MLIMA KELAM

Katika Borneo ya magharibi, upande wa Indonesia, uko mlima wa mwamba mtupu uitwao Kelam. Juu ya kuta zake huota mmea wa mitungi wenye majani ya mviringo mfano wa ngao; ndiyo sababu ulipewa jina la clipeata, lenye maana ya mwenye ngao. Mtaalamu wa Kiholanzi, Bwana Danser, aliueleza katika mwaka wa 1928. Haujulikani kuota porini mahali pengine. Mioto iliyoleta hasara kubwa katika Borneo miaka ya tisini, pamoja na watu waliopanda mlima ule kuing'oa mimea ili waiuze, imeifanya iwe michache sana, nayo imeandikwa katika orodha ya mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Kwa mmea kama huu, nyumba za vioo za watu wa mbali zimekuwa kama ghala la mwisho. Lakini ghala lenye dume upande mmoja wa bahari na jike upande wa pili, bila wenyewe kujuana, si ghala la kutegemea. Tena liko jaribu jingine. Mtu ambaye mmea wake umechanua bila mwenzi huona uchungu kuyaacha maua yanyauke bure. Basi hutia chavua ya aina nyingine yo yote iliyo karibu. Hupata machotara mazuri, yenye nguvu na ya kupendeza, nayo yanauzwa leo. Lakini maua yale hayakuongeza hata mche mmoja halisi wa mlima Kelam. Kwa sababu hiyo baadhi ya wakuzaji wa nchi mbalimbali wamejaribu kupatana: wahesabu mimea yao, watambue jinsi zake, na chavua ya dume halisi ipelekwe kwa jike halisi kabla ya kufikiriwa chotara.

YAPASAYO KUFANYWA

Desturi za mkuzaji mwema si ngumu, wala hazitaki mali nyingi. La kwanza, asiukate ubua wa maua kabla haujafunguka. Wako wanaoukata kwa sababu ya harufu yake, au ili mmea usipoteze nguvu. Nao kwa kisu kimoja huitupa habari waliyoingoja miaka mingi. Akiisha kuona maua na kuandika jinsi yake, akate akitaka.

La pili, aandike. Kila chungu kiwe na kibao chake, na katika daftari iandikwe aina ya mmea, mahali ulikotoka, nani aliyeutoa, kama ulitoka katika mbegu au katika kipande, na kama ni dume au jike. Kibao hupotea na wino hufutika. Kwa hiyo daftari iwe mahali pakavu. Mmea usio na maandishi ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: hupendwa, lakini ukoo wake haujulikani, na mtu mwangalifu hathubutu kuuchagua uwe mzazi.

La tatu, asidharau dume. Jike huzaa, ndiyo, na kwa hiyo hutafutwa. Lakini dume moja lenye akiba ya chavua laweza kuyafaa majike ya nchi kadhaa. Mkuzaji atupaye dume lake kwa kuwa jirani analo jingine, amesahau ya kuwa la jirani laweza kufa kesho. Tena uzao wa dume moja na jike moja, ukirudiwa kizazi baada ya kizazi, hudhoofika, kama vile kundi la mbuzi lisiloletewa beberu mgeni.

La nne, asinunue mmea ulioibwa porini. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka wa 1973, waihusu jamii hii nzima. Aina mbili zimewekwa katika daraja la ulinzi mkali kuliko zote, yaani ile ya milima ya Khasi na ile kubwa ya mlima Kinabalu iitwayo rajah, ambayo Bwana Hugh Low aliikuta mwaka wa 1858 na ambayo mtungi wake waweza kuchukua maji zaidi ya lita mbili. Aing'oaye dume moja mlimani hakuchukua mmea mmoja tu. Aweza kuwa amewafanya majike yote ya bonde lile kuwa wajane.

Watu wa pwani husema ya kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, na ya kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mmea wa mitungi ni kielelezo cha maneno hayo. Waweza kusitawi peke yake miaka mingi, ukapanda hadi darini, ukajaza nyumba mitungi mikubwa na kusifiwa na kila mgeni aingiaye. Lakini bila mwenziwe ukoo wake wakoma hapo hapo uliposimama. Aliye na dume na aliye na jike, kila mmoja akiutunza wake na kuufungia mlango, wote wawili wana pambo tu. Siku watakapoandikiana barua na kutumiana kikaratasi cha unga wa manjano, ndipo watakapokuwa na mbegu.